Kebini ya theluji kwenye trekta la Muheza: tuifunge ilivyo?

SWALI

Asalaam aleikum, mshauri.

Naishi Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Tuna trekta dogo la Kijapani, nguvu za farasi 24, tulilolinunua likiwa limetumika. Linafyeka majani kwa slasha katika mashamba ya michungwa Muheza, na msimu wa machungwa linavuta tela mpaka barabara ya Segera. Dereva anashinda juani, na masika ikiingia analowa mpaka kazi inasimama.

Sasa shemeji yangu ametuletea kebini iliyokuja kwenye kontena la vipuri. Ina fremu ya mabomba, paa la plastiki nyeusi, maturubai mazito meusi yenye madirisha ya plastiki laini na zipu kila upande, pamoja na vipande viwili vya turubai vya kufunika ubavu wa injini. Picha kwenye boksi inaonyesha trekta likisukuma theluji.

Fundi wetu wa kuchomelea anasema mambo mawili yanayonipa wasiwasi. Anataka kuukata upinde wa chuma ulio nyuma ya kiti kwa sababu unazuia fremu isikae. Pia anataka kuchomelea nguzo za kebini moja kwa moja kwenye madigadi. Shemeji naye anaona kama ni kutoa pesa, bora tutengeneze kebini ya bati na vioo pande zote, tutie na kiyoyozi. Dereva mwenyewe anaomba kivuli tu. Tumsikilize nani? Na kama ni kutengeneza, tununue nini, kiasi gani?

Mama mwenye trekta, Pongwe

JIBU

Waaleikum salaam, dada. Kabla ya lolote, mwambie fundi aweke grinda chini. Upinde ule haukatwi, hautobolewi, wala hauchomelewi kitu. Kazi yake ni kubaki umesimama trekta linapopinduka, ili uzito ubebwe na chuma badala ya kifua cha dereva. Unene wake, aina ya chuma chake na bolti zake vilipangwa pamoja kiwandani. Tundu moja la drili linapunguza chuma mahali penye kupokea nguvu kubwa, na joto la kuchomelea hubadilisha chuma cha pembeni mwa mshono, kwa hiyo siku ya ajali hapo ndipo patakapovunjika. Kebini ya bati au ya turubai haishiki nafasi ya upinde, hata ionekane nzito namna gani. Na upinde ukiwa umesimama dereva afunge mkanda, maana upinde haumsaidii mtu aliyesharushwa nje. Ukiwa umelazwa, mkanda usifungwe.

Madigadi nayo hayafai kubeba nguzo. Ni bati lililokunjwa ili kuzuia matope, na kwenye mtikisiko wa slasha litapasuka kuzunguka mshono. Nguzo za nyuma zishikwe kwenye chuma kizito cha ekseli au kwenye upinde wenyewe kwa klampu isiyotoboa. Tutafika huko.

Sasa hiyo kebini ya kwenye boksi. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi kama kaskazini mwa Japani, Kanada na kaskazini mwa Marekani, ambako trekta dogo hufungwa koleo au mashine ya kurusha theluji na dereva hukaa saa nyingi kwenye baridi chini ya sifuri. Mashine ile inaporusha theluji, upepo huirudisha kama unga usoni mwa dereva. Kwa hiyo kebini imeundwa kufanya mambo mawili: kuziba upepo na kutunza joto. Joto lenyewe linatoka kwenye injini. Feni ya matrekta mengi ya aina hii huvuta hewa kupitia rejeta mbele, ikaipitisha juu ya injini na kuitoa nyuma, kuelekea miguu ya dereva. Vile vipande viwili vya turubai vya ubavuni ndivyo vinavyoizuia hewa hiyo isitoke pembeni, iingie yote ndani ya kebini.

Ukiifunga hivyo Tanga mwezi wa Februari, umemtengenezea dereva wako tanuri. Injini nayo itaumia, kwa sababu hewa moto inayonyimwa njia ya kutoka hupandisha joto la maji, na majani makavu ya slasha yakishaziba rejeta kidogo, mshale unaingia kwenye nyekundu. Vipande vya ubavuni viondoeni kabisa. Paa jeusi na maturubai meusi pia hayafai hapa, maana hunyonya jua. Madirisha ya plastiki laini nayo hugeuka njano na kuingia ukungu yakipigwa na jua kwa muda, mpaka dereva haoni tela lake mwenyewe.

Kwa hiyo dereva wenu ndiye aliye karibu na ukweli. Mnachohitaji ni paa jeupe, kioo kimoja cha mbele chenye waipa, na maturubai ya pembeni na nyuma yanayokunjwa juu na kushushwa mvua inapopiga.

Wazo la shemeji la vioo kote nalikataa kwa sababu ya uzito. Chukua trekta la kilo 900 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 70 kutoka ardhini. Kebini ya kilo 60, yenye kitovu chake mita 1.6 juu, inakipandisha kitovu cha trekta kwa karibu sentimita 6. Kebini ya chuma na vioo hufika kwa urahisi kilo 180, na hiyo inakipandisha karibu sentimita 15. Kwenye tambarare ya Pongwe hutaona tofauti kubwa. Kwenye miteremko ya kuelekea Amani, gurudumu moja likipanda kichuguu na jingine likitumbukia shimoni, tofauti hiyo ndiyo inayolilaza trekta. Kiyoyozi nacho hula nguvu za farasi 3 hadi 5 kati ya 24 mlizonazo, na slasha inazihitaji zote. Lengeni kilo 60, zisizidi.

Kabla ya kununua hata bolti, tengenezeni umbo la kebini kwa mianzi na kamba, mlifunge kwenye trekta, kisha dereva apite nalo mistari yote ya michungwa anayofyeka. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Matawi ya michungwa huinama chini, hasa yakibeba, na kebini inayoyang'oa itakugombanisha na mwenye shamba. Upana wa kebini usifike ukingo wa nje wa matairi ya nyuma. Bakisheni sentimita 5 kila upande. Dereva akiwa amekaa na kofia, abakiwe na sentimita 15 mpaka kwenye paa, kwa sababu kiti humrusha. Nyanyueni slasha mpaka mwisho wa haidroliki muone haigusi nguzo za nyuma. Fungueni boneti yote. Hakikisheni kifuniko cha rejeta, kichujio cha hewa, mdomo wa tanki la dizeli na betri vinafikiwa bila kufungua kebini. Mkiona mianzi inagonga matawi kila mstari, basi shamba hilo linataka mwavuli wa trekta unaoondoka kwa dakika mbili, na kebini msitengeneze.

Mkiridhika na vipimo, tazameni kwanza fremu ya mabomba ya kwenye boksi. Ikiingia bila kugusa upinde, itumieni mbadilishe paa na turubai tu. Isipoingia, tengenezeni yenu. Skwea paipu (bomba la chuma la mraba) ya milimita 40 kwa 40 yenye unene wa milimita 2, urefu mmoja wa mita 6, inatoa nguzo nne za mita 1.45 na kipande cha kupimia mshono. Ina kilo 14 hivi. Kwa fremu ya paa na ya kioo chukueni skwea paipu ya 25 kwa 25, unene wa milimita 1.5, urefu mbili. Mtatumia kama mita 9, yaani kilo 10. Paa liwe shiti ya alumini ya milimita 1.5, mita 1.6 kwa 1.3, ambayo haizidi kilo 9. Shiti ya chuma ya milimita 1 ya ukubwa huo ina karibu kilo 16, na kwa hewa ya bahari ya Tanga inaanza kutu kwenye kila tundu la skrubu. Ila kati ya alumini na fremu ya chuma wekeni utepe wa raba, kwa sababu metali hizi mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Breketi na klampu zikatwe kwenye plati ya milimita 8.

Sehemu za kushikia ni nne. Nyuma, tengenezeni klampu mbili: kila moja ni plati mbili zinazoukumbatia upinde, zikibanwa kwa bolti nne za M12 (za unene wa milimita 12), na katikati pawe na raba ya milimita 3 ili rangi isikwaruzwe. Klampu ikae mbali na bawaba kama upinde wenu ni wa kulazwa, na mjue kwamba paa likishafungwa upinde hautalazwa tena. Mbele, breketi zishikwe kwenye chuma kizito kinachobeba kibao cha kukanyagia. Kwenye boneti au ekseli ya mbele hapana, ekseli ile inacheza kila gurudumu linapopanda. Katika sehemu zote nne wekeni raba za mauntingi, zile za mviringo zenye bolti katikati. Bila raba, paa litapiga kelele kama ngoma na mshono wa chini ya nguzo utapasuka. Bolti ziwe na namba 8.8 kichwani (alama ya uimara wa chuma chake), nati za kujifunga, na M12 ikazwe kwa niutoni mita 80 kwenye chuma kwa chuma. Bolti zinazopita kwenye raba zikazwe mpaka raba ianze kutanuka kidogo, basi.

Kuchomelea kufanyike fremu ikiwa chini, mbali na trekta. Kama kuna mshono wa lazima juu ya trekta, betri ifunguliwe nyaya zote mbili, waya za dainamo zichomolewe, na klampu ya ethi ya mashine, yaani ya waya unaorudisha umeme, ikae sentimita chache kutoka kwenye mshono, ili umeme usipite kwenye beringi. Tanki la dizeli likiwa karibu, msithubutu. Kwa paipu ya milimita 2 fundi atumie vijiti vya milimita 2.5 kwa ampea 60 mpaka 80. Ashike kwanza nukta kila kona, apime kutoka kona mpaka kona ya kinyume, vipimo vyote viwili vilingane, ndipo amalizie, akirukaruka kona ili joto lisivute fremu. Mwisho atoboe matundu ya milimita 6 chini ya kila nguzo. Skwea paipu iliyofungwa huingiza maji kwenye mishono na kuoza kutoka ndani, na huku pwani utaliona tatizo siku nguzo inapokatika. Rangi: osheni mafuta kwa thina, pigeni msasa, redoksaidi (rangi ya kuzuia kutu) mikono miwili, kisha rangi ya mafuta. Paa lipakwe nyeupe juu, na chini yake gundisheni karatasi ya foili yenye povu ya milimita 10. Dereva ataijua tofauti saa sita mchana.

Paa liinamie nyuma kwa sentimita 3, ukingo ukunjwe chini sentimita 2 uwe mfereji, na mbele lipite kioo kwa sentimita 15.

Kioo cha mbele kiwe kile cha tabaka mbili chenye utando katikati, milimita 6, sentimita 90 kwa 60. Hicho hukatwa dukani kwa vipimo vyenu na kikivunjika vipande hushikana. Kioo cha dirisha la nyumba kikivunjika ni visu. Plastiki ngumu ya polikabonati ni nyepesi na inafaa kwa dirisha dogo la nyuma, lakini waipa na vumbi huikwaruza, kwa hiyo mbele haifai. Mkiitumia nyuma, matundu yake yazidi skrubu kwa milimita 3 kwa sababu hutanuka sana juani, na isifutwe kwa thina wala petroli. Kioo kikae ndani ya raba yenye mfereji, nafasi ya milimita 3 kuzunguka. Fremu ya kioo ipimwe kwa kamba mbili nyembamba zilizovutwa kona mpaka kona ya kinyume: zikigusana katikati bila kusukumana, fremu imenyooka. Vioo vingi vinavyopasuka vyenyewe vimekazwa kwenye fremu iliyopinda.

Turubai msihangaike nalo. Mafundi wanaoshona maturubai ya bajaji wanaiweza kazi hii vizuri kuliko yeyote. Waagizeni rangi ya kijivu au nyeupe, mita za mraba 6, likunjwe juu na kufungwa kwa mikanda. Zipu sizipendi, chumvi na mchanga huzing'ang'aniza, na dereva lazima aweze kutoka pande zote mbili na nyuma kwa sekunde chache trekta likipinduka.

Mota ya waipa ya bajaji, ya volti 12, inatosha. Ongezeni taa mbili za LED za wati 18 na feni ndogo ya gari. Angalieni dainamo: matrekta mengi madogo ya zamani yana dainamo ya ampea 14 tu. Waipa, taa na feni pamoja vinavuta karibu ampea 8, na taa za asili za mbele zikiwashwa mnafika ukomo. Pimeni betri injini ikiwa kwenye mwendo wa kazi na kila kitu kimewashwa. Ikisoma volti 13.5 ni salama. Chini ya 12.8, zimeni taa moja. Waya mkuu uwe wa milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na betri, halafu fyuzi ya 10 kwa waipa, 10 kwa taa, 5 kwa feni. Kisha jambo linalowachanganya mafundi wengi: kebini iliyokaa juu ya raba haina ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Taa zitafifia na waipa itasuasua, mtabadilisha mota bure. Vuteni waya wa ethi kutoka fremu ya kebini mpaka chuma cha giaboksi.

Joto la miguuni lizuieni kwa shiti ya alumini ya milimita 1 kati ya mwisho wa boneti na usukani, ikiinamishwa ili hewa moto igeuzwe chini na pembeni. Msiizibe njia yake kabisa. Nafasi ya kutokea isipungue ile mliyoiziba. Siku ya kwanza dereva auangalie mshale wa joto kila baada ya dakika chache.

Ekzosi ya kusimama ipite juu ya paa kwa sentimita 30, na mkague kama kuna masizi meusi kwenye maungio, maana hapo moshi unavuja. Maturubai yakishushwa wakati wa mvua, moshi unaovuja unaingia kwa dereva, na ile gesi ya sumu iliyomo haina harufu. Akisikia kichwa kuuma, kichefuchefu au usingizi, azime injini na ashuke. Turubai la nyuma libaki wazi kidogo hata mvua ikinyesha. Ndilo pia linalozuia kioo kisifanye ukungu.

Dhidi ya matawi, vuteni kamba mbili za waya za milimita 6 kutoka pembe za mbele za trekta mpaka pembe za paa, zenye kikazio. Tawi litateleza juu badala ya kuingia kwenye kioo. Hakikisheni boneti bado inafunguka.

Na mkitumia trekta hilo kupulizia dawa michungwa, msimruhusu dereva adhani turubai linamkinga. Halina kichujio, na likifungwa mvuke wa dawa unabaki nae ndani. Siku ya dawa kunjeni maturubai yote, na avae barakoa yenye kichujio cha dawa, glavu na miwani.

Kabla ya kuingia barabara ya Segera, angalieni taa za nyuma na indiketa hazikufunikwa, ongezeni vioo viwili vya pembeni na viakisi mwanga vyekundu nyuma ya kebini, kwa sababu malori ya pale hayana subira na trekta. Bolti zikazwe upya baada ya saa ya kwanza ya kazi, tena baada ya saa 10, tena baada ya 50. Nyufa huanzia chini ya nguzo za mbele. Futeni vumbi mtazame mshono kila mnapoosha trekta.

Maturubai meusi ya kwenye boksi na vile vipande vya ubavuni msivitupe. Pande zake nzima hufunika slasha na injini vizuri wakati trekta limelala nje usiku.